Kuorodhesha mwani wa pwani yako: mwongozo kamili, kutoka maji kupwa hadi karatasi kavu

Kila bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, likipita naletewa picha zilezile: kiganja cha mkono, bonge la kitu cha kijani kinachochuruzika maji, na swali, "Mwani gani huu?" Jibu langu halimfurahishi mtu. Sijui, na kwa picha ile hata bingwa wa mwani hajui.

Wengi wanadhani wameshindwa kwa sababu hawajui majina ya Kilatini. Sivyo. Wanashindwa mapema zaidi: wamekata mwani juu wakaacha shina mwambani, hawakuandika namba, wameuchemsha juani ndani ya ndoo, au wameubana kwenye gazeti moja wakausahau wiki nzima. Majina yanaweza kungoja hata miaka kumi. Sampuli iliyooza haingoji hadi jioni.

Mifano yangu ni ya pwani ya mashariki ya Unguja, Paje hadi Jambiani, kwa kuwa ndiko ninakokujua kwa miguu yangu. Utaratibu ni uleule ukiwa Kibuyuni kule Kenya, Tanga au Mtwara.

## Vifaa kwanza

Usiende baharini kabla ya kuwa na hivi vyote. Vingi vinapatikana dukani mtaani.

Vya kwenda navyo majini:

- Viatu vyenye soli ngumu. Yeboyebo hazitoshi, mwiba wa shokomzoba, yule mnyama wa bahari aliyejaa miba, unazipenya.
- Kamba ya mita 50 yenye alama kila mita 5. Funga vitambaa vya rangi, maana wino unafutika.
- Fremu ya mraba, sentimita 50 kwa 50, ya bomba la plastiki la nusu inchi. Yatoboe mabomba matundu ili maji yaingie na fremu izame. Funga nyuzi kila sentimita 10, upate vyumba 25. Kila chumba ni asilimia 4 ya eneo la fremu.
- Makopo ya plastiki yenye vifuniko, ishirini au zaidi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 2019 na Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo usiizoee. Makopo ya siagi yaliyooshwa vizuri yanafanya kazi bora kuliko mfuko, kwani mwani haupondeki.
- Ndoo yenye mfuniko, na kitambaa cheupe cha kuifunika.
- Kisu kidogo butu au bisibisi bapa ya kubandulia shina.
- Rula ya plastiki ya sentimita 15.
- Penseli laini na vipande vya plastiki nyeupe vilivyokatwa kwenye ndoo kuukuu ya rangi na kusuguliwa msasa. Penseli inaandika juu yake hata chini ya maji, na haifutiki mpaka usugue.
- Simu yenye kifuko kisichopitisha maji.

Vya nyumbani:

- Sinia pana jeupe au beseni bapa (libebe pia majini kwa picha za Hatua ya 5).
- Karatasi nene nyeupe ya kuchorea, ile inayokaribia ugumu wa kadi. Karatasi ya fotokopi italegea na kuchanika.
- Magazeti mengi, kisha uongeze mengine.
- Kitambaa laini kisichonata: bafta iliyofuliwa mara nyingi, shashi, au pazia kuukuu la nailoni.
- Kadibodi za maboksi, mbao mbili bapa, na matofali mawili au dumu la lita 10 lililojaa maji.
- Burashi laini ya rangi, wembe, na kioo cha kukuzia.

Orodha hii haina fomalini, na si kwa kusahau. Maabara huitumia ikiwa imezimuliwa kwa maji ya bahari, lakini ni sumu, inachoma macho na kifua, na inahusishwa na saratani. Haina nafasi kwenye nyumba yenye watoto. Mwani mbichi ukibanwa siku ileile hauhitaji fomalini.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa mwezi, si kwa wikendi

Mwani mwingi unaoutafuta uko kwenye sehemu inayofunuliwa siku chache tu. Ukienda wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haipwi sana, utaona ufuko na pindo la mwani uliotupwa, na utarudi ukisema pwani yenu haina kitu.

Wavuvi hawahitaji programu ya simu kwa hili. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji hupwa zaidi siku moja au mbili baadaye. Kwa kalenda ya Kiislamu, angalia takribani tarehe 2 hadi 4, na tena 16 hadi 18. Kwetu, siku hizo maji hupwa mwisho asubuhi kuelekea mchana, na kila siku inayofuata yanachelewa karibu dakika 50. Mabamvua makubwa zaidi ya mwaka huja karibu na Machi na Septemba.

Ukitumia jedwali la maji, tafuta siku ambayo kupwa kunashuka chini ya mita 0.5. Kumbuka pia kuwa jedwali likiandika 10:12, hiyo ni saa 4 na dakika 12 asubuhi. Niliwahi kuwapeleka vijana wanane ufukweni saa 10 alasiri kwa sababu mmoja wetu alisoma namba hiyo kama saa ya Kiswahili. Tulikuta bahari imejaa mpaka kwenye minazi.

Ingia muda wa saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa. Yafuate yanapotoka, ufike mwambani yakiwa yamesimama, na uanze kurudi mara tu yanapogeuka. Eneo kati ya ufuko na mwamba lina mikondo iliyo chini kuliko pale uliposimama. Maji hujaa mgongoni mwako kabla hujayaona mbele, kwa hiyo mpe mtu mmoja kazi ya kuangalia saa tu.

Umefanikiwa ikiwa: umefika ukingo wa nje maji yakiwa chini ya goti, na bado una muda wa saa nzima.

## Hatua ya 2: Ruhusa, na salamu

Unguja unaanza kwa sheha, kiongozi wa shehia, kisha kamati ya wavuvi ya shehia. Kenya na Tanzania Bara ni kikundi cha usimamizi wa fukwe, BMU. Eneo likiwa ni hifadhi, ruhusa ya kijiji haitoshi. Na kazi ikiwa ni ya utafiti, au sampuli zitasafirishwa nje ya nchi, kuna vibali vya taifa kutoka tume za sayansi: COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya, na Zanzibar ina utaratibu wake. Anza mapema, vibali havijui bamvua.

Tena, usivuke shamba la mwani bila kuomba. Zile kamba na vigingi vina mwenyewe, mara nyingi mama aliyeamka kabla yako. Usichume kwenye tai-tai zake, vile vikamba vinavyofungia mwani, hata kama unaona umepukutika.

Ukishaomba ruhusa, omba na maarifa. Muoneshe mwani, nyamaza, msikilize anauitaje. Ukimuuliza "Huu si ndio mwani fulani?" atakubali kwa adabu tu, na umeharibu. Andika jina kama lilivyotamkwa na kijiji ulikolisikia. Jina moja linaweza kubeba aina tatu, na aina moja ikawa na majina mawili kati ya vijiji jirani. Yote ni taarifa.

## Hatua ya 3: Tembea kwanza bila kuchuma

Robo saa ya mwanzo mikono nyuma. Tembea kutoka ufukweni kwenda nje ukitazama jinsi sakafu inavyobadilika: mawe ya juu yanayokauka, mchanga, majani ya bahari, vidimbwi, mawe ya matumbawe, halafu ukingo wa mwamba wenye mawimbi. Kila ukanda una mwani wake. Usipozigawa kanda sasa, mwisho wa siku utakuwa na lundo moja lisilojua lilitoka wapi.

Hapa ndipo kosa la kwanza la utambuzi hutokea: kuita kila kijani "mwani". Majani ya bahari ni mimea kamili, yana mizizi ya kweli ndani ya mchanga, yana mishipa kwenye majani, na hutoa maua. *Thalassodendron ciliatum*, lenye shina kama la mti na kishada cha majani kileleni, linawadanganya wengi. Mwani hauna mizizi. Una kishikio tu, kinachoganda jiweni au kujichimbia mchangani. Majani ya bahari yaandike kama mazingira, na mwani mdogo uliojibandika juu yake uhesabu kuwa ni mwani. Wengi wanausahau, na ni sehemu tajiri kweli.

Kuna hatari za kujua. Samaki jiwe hukaa vidimbwini akiwa hana tofauti na jiwe. Mtu akichomwa, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, na mpeleke hospitali. Usiokote konokono yeyote mwenye umbo la pia, hata awe mzuri namna gani. Ukikuta nyuzi nyembamba kama nywele nyeusi au za kahawia, zinazoteleza na kutanda juu ya mwani mwingine, vaa glavu. Baadhi ya hizo si mwani bali ni bakteria wenye rangi, na zinawasha ngozi vibaya.

## Hatua ya 4: Kamba na fremu

Kama unataka orodha ya majina tu, tembea na uchume. Ukitaka kusema "ukanda huu una mwani mwingi kuliko ule", au kurudi mwakani kulinganisha, lazima upime.

Tandaza kamba ya mita 50 ndani ya ukanda mmoja, sambamba na ufuko. Kila mita 5 weka fremu, siku zote upande wa kulia wa kamba, na wewe utembee kushoto ili usikanyage utakachopima. Usisogeze fremu "kidogo tu" ili iguse mwani mzuri. Mkono unavutwa na rangi, na hapo vipimo vyako vinageuka maonyesho.

Ndani ya fremu, hesabu vyumba vilivyofunikwa na kila aina na uzidishe kwa 4. Aina ikijaza nusu ya chumba, ihesabu nusu. *Sargassum* ikiwa imetanda juu, isogeze kwa mkono upime na ulio chini yake. Jumla inaweza kuzidi 100, nayo si makosa, kwa kuwa mwani unaishi ghorofa.

Fremu tupu nayo inaandikwa. Sifuri ni kipimo.

Kamba tatu kwa kila ukanda zinatosha kwa mtu anayeanza. Watu wawili wazoefu wanamaliza moja kwa muda usiozidi saa. Ukiwa peke yako, punguza kanda, usipunguze fremu.

Umefanikiwa ikiwa: mwenzako akipima fremu ileile bila kuona namba zako, hampishani kwa zaidi ya vyumba viwili au vitatu.

## Hatua ya 5: Picha tatu, na kung'oa

Kabla ya kugusa, piga ya kwanza: mwani mahali ulipo, pamoja na kinachouzunguka. Ya pili, ukishaubandua: mwani mzima ndani ya sinia jeupe lenye maji ya bahari, rula kando yake, na kipande chenye namba. Ya tatu: kishikio na sehemu ya chini ya shina, karibu kabisa.

Kwa nini ndani ya maji? Nje ya maji mwani unajikunja, matawi yanashikana, na umbo ndilo tunalolitafuta. Kivuli cha mwili wako kinatosha kuondoa mng'aro. Usitumie flashi.

Unapoubandua, usikate. Ingiza kisu chini ya kishikio uking'oe chote. Hili ndilo kosa linaloniudhi kuliko yote. *Sargassum* isiyo na kishikio, majani ya chini, vifuko vya hewa na vikonyo vya uzazi vya juu haitambuliki zaidi ya jenasi, yaani kundi la spishi zilizo karibu kiukoo. Majani ya juu na ya chini ya mmea mmoja wa *Sargassum* hutofautiana kiasi kwamba aliyekata vipande viwili huandika aina mbili.

Chukua miwili au mitatu kwa kila aina, mmoja ukiwa mkubwa. Tafuta yenye vivimbe, madoa au vinundu, ambavyo mara nyingi ni viungo vya uzazi na ndivyo bingwa atakavyovitazama kwanza. Ukikuta mmoja tu eneo zima, piga picha uuache.

Mwani uliotupwa ufukweni unaweza kuuchukua, lakini uandike "umetupwa", kwa sababu hujui ulikoota. Ukiwa karibu na mashamba, angalia mara mbili: mwani mnene na mwani mwembamba, aina mbili zinazolimwa, hukatika kwenye kamba na kujishikiza mawe ya jirani.

## Hatua ya 6: Namba moja isiyorudiwa

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo kazi nzuri hufia.

Kila sampuli inapata namba yake: herufi zako na tarakimu, mfano AM 001. Kesho unaendelea na 002. Mwakani unaendelea ulipoishia. Usianze upya kwa kila safari, usianze upya kwa kila kijiji. Mtu mwenye "sampuli namba 4" kutoka Paje na "sampuli namba 4" kutoka Matemwe ana sampuli sifuri.

Namba hiyohiyo inakaa sehemu nne: ndani ya kopo, kwenye picha, daftarini, na baadaye kwenye karatasi ya kubania. Nimesema ndani ya kopo. Namba iliyoandikwa mfunikoni hubadilika na mfuniko. Nimewahi kusafiri na makopo kumi na nane kwenye daladala, kondakta akayapanga upya kwa wema wake, mifuniko miwili ikabadilishana. Nilitupa yote mawili.

Daftarini, kwa kila namba andika: tarehe, saa, mahali, ukanda, sakafu (mchanga, jiwe, juu ya jani la bahari), kina cha maji, rangi ukiwa hai, mguso (unateleza, mgumu kama chokaa, unakatika kama karoti), harufu kama ipo, na jina la kienyeji. Rangi iandikwe palepale. Jioni itakuwa imebadilika.

Mahali paandikwe kwa digrii za desimali kutoka kwenye simu. Paje ni takribani -6.27, 39.54. Alama ya kutoa mwanzoni ina maana ya kusini mwa ikweta. Ukiisahau, ramani itapeleka mwani wako kusini mwa Ethiopia, kwenye nchi kavu, na watu watakucheka kwa haki.

Umefanikiwa ikiwa: mtu ambaye hakuwepo anachukua kopo lolote na kusimulia lilipotoka bila kukuuliza.

## Hatua ya 7: Saa sita za mwanzo

Makopo yawe na maji ya bahari machache tu, ndani ya ndoo, chini ya kitambaa kilicholowa, kivulini. Aina laini nyekundu huanza kuyeyuka kabla ya adhuhuri.

Ukifika nyumbani, suuza kila sampuli kwa maji ya bahari uliyokuja nayo kwenye dumu. Usitumie maji ya bomba. Seli zilizozoea chumvi hupasuka, na mwani mwekundu huachia rangi yake. Toa mchanga, konokono wadogo na kaa. Mwani mwingine ulioshikana nao, utenganishe na uupe namba yake.

Huwezi kumaliza leo? Yaliyobaki yaingie friji, sehemu ya kawaida, kwa usiku mmoja. Kamwe si kwenye friza, maana ukiyeyuka utakuwa uji.

Kama kuna maabara itakayosoma vinasaba, kata ncha safi ya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, ikaushe kwa tishu, uifukie kwenye chembechembe za jeli ya silika zinazonyonya unyevu, na uandike namba ileile.

## Hatua ya 8: Kubana

Andika namba kwa penseli kwenye kona ya karatasi ingali kavu. Jaza sinia maji ya bahari ya kina cha vidole viwili. Weka mwani uelee, uuache ujifungue wenyewe, kisha pitisha karatasi chini yake. Panga matawi kwa burashi. Yakiwa mengi mno yanayolaliana, punguza machache, ila kishikio kibaki.

Inua karatasi polepole ukianzia upande wa kishikio, ikiwa imeinama kidogo, maji yatoke upande mmoja. Ukiinua kwa pupa, mwani wote unateremka na maji na unaanza upya.

Panga hivi, kutoka chini: ubao, kadibodi, magazeti matatu, karatasi yenye mwani, kitambaa, magazeti matatu, kadibodi. Endelea hivyo hadi sampuli ziishe, kisha ubao wa juu na uzito.

Siku ya kwanza badilisha magazeti mara mbili. Baada ya hapo mara moja kwa siku, mpaka ukauke. Wakati wa kaskazi kavu siku nne au tano zinaweza kutosha. Masika ni zaidi ya wiki, na feni inasaidia kuliko jua, kwani jua linapausha rangi na kukunja karatasi. Wanaoruka kubadilisha magazeti siku ya pili ndio haohao wanaoniuliza kwa nini mwani wao umeota nywele za kijivu. Ule ni ukungu, na hauna dawa.

Aina nyingine zina tabia zao:

- *Halimeda*, ule wa vipande vya chokaa kama sarafu zilizoungwa, huvunjika ukikauka. Ubane kidogo, kisha uweke kwenye boksi dogo lenye namba. Usishangae ukikuta mchanga wa pwani yako umejaa vipande vyake.
- *Codium* inanata. Kitambaa kikae mpaka mwisho, usikibandue kuchungulia.
- *Turbinaria* ni nene na ina miba. Kausha mmoja mzima hewani, kivulini, na upasue mwingine kati kwa wembe ndipo uubane.
- *Sargassum* haijishikizi kwenye karatasi. Ishone kwa uzi sehemu tatu au nne.
- Aina nyingi nyembamba nyekundu hujigundisha zenyewe kwa utomvu wao, hazihitaji gundi.

Umefanikiwa ikiwa: ukiigusisha karatasi shavuni huhisi ubaridi. Ubaridi maana yake maji yamo bado. Karatasi iwe imenyooka, kitambaa kibanduke bila kuvuta kitu.

Zikikauka kabisa, zifunge vizuri kwa plastiki na sasa ndipo friza inapofaa: wiki moja, kuua wadudu na mayai yao. Zikitoka, ziache zirudi joto la chumba kabla ya kuzifungua.

## Hatua ya 9: Kutambua, kwa mpangilio

Anza na makundi matatu: mwani wa kijani, wa kahawia, na mwekundu. Ukitegemea macho tu, utaanguka. Mwani mwekundu unaoota juani, kwenye maji ya kina kifupi, mara nyingi ni wa manjano, kahawia, au kijani kabisa. Mwani mwembamba wa mashambani, *Eucheuma denticulatum*, ni mwekundu kwa ukoo hata ukiwa wa rangi ya zeituni.

Kuna majaribio mawili ya jikoni, kwa vipande vya ziada tu:

Kwanza, weka kipande kwenye glasi ya maji ya bomba hadi asubuhi. Maji yakigeuka waridi, ni mwekundu. Yasipogeuka, jaribio halijasema lolote, kwa kuwa aina ngumu huchelewa kuachia rangi.

Pili, tumbukiza kipande kwenye maji yaliyochemka. Mwani wa kahawia hugeuka kijani papo hapo. *Padina*, ule wenye umbo la upepeo na mistari ya miduara, unaonesha vizuri sana. Watoto wanapenda hili kuliko mambo yote.

Ukishajua kundi, nenda kwenye jenasi kwa umbo: namna unavyotoa matawi, kama ni bomba au bapa, kama una chokaa, kama una viungo vinavyokunjika. *Caulerpa* ina shina linalotambaa lenye vijimatawi vinavyosimama. *Dictyota* ni utepe bapa unaogawika mara mbilimbili. *Acanthophora* ina vimiba vifupi kwenye matawi. *Amphiroa* na *Jania* ni za chokaa na zina viungo, na ukidondosha siki zinatoa mapovu.

Ukiweza kufika jenasi kwa aina zako nyingi, umefanya kazi kubwa. Spishi mara nyingi inadai hadubini, mkato mwembamba wa wembe, na viungo vya uzazi. Kwa hiyo andika "*Laurencia*, aina ya 2" bila aibu. Jina la kubahatisha likishaingia kwenye orodha hunakiliwa, na mtu wa tatu hulichukua kuwa ukweli. "Aina ya 2" yenye karatasi kavu na namba inaweza kutambuliwa na mtu mwingine baada yako.

Majina yenyewe yahakiki kwenye AlgaeBase, hifadhidata iliyoanzishwa na Michael Guiry mwaka 1996, kwa sababu majina ya mwani hubadilishwa mara kwa mara. Jihadhari pia na majina ya biashara. Mwani mnene unaouzwa kwa jina la "kotonii" ni *Kappaphycus alvarezii*. *Kappaphycus cottonii* ni spishi nyingine kabisa.

## Hatua ya 10: Jedwali na makabati

Fungua jedwali moja la kompyuta. Kila mstari ni sampuli moja, kila safu ni taarifa moja. Usichanganye "Paje, mwambani, kina nusu mita" kwenye kisanduku kimoja. Jina la utambuzi liwe na safu ya nani ametambua na lini, kwani litabadilika na unapaswa kuona historia yake. Majina ya waliokupa maarifa usiyaweke hadharani bila ridhaa yao.

Picha zipakie iNaturalist, tovuti ya kuwekea picha za viumbe, zikiwa na namba zako. Karatasi kavu zigawe seti mbili: moja ubaki nayo, nyingine uipeleke mahali panapotunza. Kwa Tanzania, anza kuuliza Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo Zanzibar. Kenya, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, Mombasa, au hifadhi ya mimea ya Makumbusho ya Taifa Nairobi. Piga simu kabla, wala usipeleke karatasi ambayo haijakauka. Ukungu wako utahamia kwenye kabati lao, na hutakaribishwa tena.

Halafu rudi kwenye kamba zilezile. Orodha ya kusi pekee ni nusu ya orodha. Kuna mwani unaojaa msimu mmoja na kutoweka msimu mwingine ukibakiza kishikio tu. Andika kituo cha kuanzia kamba kwa kitu kisichohama, jiwe kubwa au kona ya ukuta, maana GPS ya simu hukosea kwa mita kadhaa, na mita tano mwambani ni mtaa mwingine. Mti usiutumie. Mvinje wangu wa alama ulikatwa ukawa kuni kabla ya bamvua la pili.